Foleni ya thieta: Kwa nini mgonjwa anarudishwa nyumbani na njaa yake?

HUENDA nawe umewahi kuyaona haya au kuyasikia kwa jirani. Mgonjwa ameambiwa asile wala asinywe kitu chochote kuanzia saa sita usiku. Asubuhi amevalishwa gauni la wodini, amechomwa sindano ya dripu mkononi, na ndugu zake wamekaa nje kwenye benchi na chupa ya uji wakisubiri atoke thieta. Inafika saa saba mchana, inafika saa tisa, kisha anakuja nesi na kusema: "Leo haitawezekana, mzee. Tutakupangia siku nyingine."

Jirani yangu mmoja wa Mbagala, mzee wa miaka sitini na kitu anayesumbuliwa na ngiri, alirudishwa namna hiyo mara tatu katika hospitali moja ya hapa jijini ambayo sitaitaja. Mara ya kwanza aliambiwa kwamba ameletwa mama mjamzito wa dharura. Mara ya pili vifaa vilikuwa bado kwenye mashine ya mvuke na muda wa kazi ulikuwa umekwisha. Mara ya tatu hakuambiwa sababu yoyote. Mzee huyu ni fundi viatu. Kila alipoitwa hospitali alifunga kibanda chake siku mbili, na kijana wake aliomba ruhusa kazini ili amsindikize. Alipopangiwa mara ya nne alikataa kwenda. "Mwanangu, nitakwenda nikizidiwa," aliniambia.

Kauli hiyo inatisha kwa anayejua ngiri ilivyo. Ngiri ikiwa bado inaingia na kutoka, upasuaji wake ni wa kawaida na mgonjwa hurudi nyumbani baada ya muda mfupi. Lakini utumbo ukinaswa kwenye ule uwazi, damu haipiti, na ndani ya saa chache sehemu ya utumbo huanza kufa. Hapo mgonjwa si wa kupangiwa tena. Anakuwa dharura, tumbo linafunguliwa usiku, na kazi ambayo ingechukua saa moja inachukua saa tatu. Tena dharura yake ndiyo itakayomrudisha nyumbani mgonjwa mwingine aliyepangiwa kesho yake asubuhi.

Si uhaba peke yake

Tukiulizwa sababu ya foleni hii, wengi wetu hujibu haraka kwamba madaktari ni wachache na hospitali hazitoshi. Jibu hilo ni la kweli. Sensa ya 2002 ilihesabu watu karibu milioni 2.5 katika mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ikahesabu 5,383,728, na katika hao Temeke peke yake ilikuwa na 1,346,674 na Kinondoni 982,328, hata baada ya Kigamboni na Ubungo kukatwa na kuwa wilaya zinazojitegemea. Vyumba vya upasuaji havikuongezeka kwa kasi hiyo.

Hata hivyo, uhaba haujibu kila swali. Kama thieta ni chache, kwa nini saa 3:00 asubuhi unaweza kuikuta thieta imekaa tupu, na saa 9:00 alasiri wagonjwa watatu bado wamelala kwenye vitanda vya magurudumu wakisubiri? Hapo tatizo ni mpangilio, na mpangilio unaweza kuhesabiwa.

Tuchukulie mfano mwepesi. Thieta moja imepangiwa kuanza saa 2:00 asubuhi, lakini kila siku mgonjwa wa kwanza hupasuliwa saa 3:30. Daktari wa usingizi amechelewa, au majibu ya damu hayajaletwa, au faili halionekani. Zimepotea saa moja na nusu. Kwa siku tano za wiki ni saa saba na nusu, na kwa wiki 50 za mwaka ni saa 375. Kama upasuaji wa ngiri pamoja na usafi wa chumba baada yake huchukua saa moja na nusu, basi wagonjwa 250 wa ngiri wamepotea katika ucheleweshaji huo tu, bila kuajiriwa wala kufukuzwa daktari hata mmoja.

Hesabu kama hii haihitaji mtaalamu kutoka nje. Inahitaji daftari lenye mistari michache: saa mgonjwa alipoingia, saa kisu kilipoanza, saa alipotoka, saa chumba kilipokuwa safi tena, na kwa aliyeahirishwa, sababu iliyoandikwa kwa neno moja. Hospitali zetu zina vitabu vya MTUHA na nyingi sasa zina mfumo wa kompyuta, kwa hiyo kuandika si jambo geni. Tunajua idadi ya waliopasuliwa. Ambao huwa hatuwaandiki vizuri ni wale ambao hawakupasuliwa, na elimu iliyo nyingi iko kwao. Ukikuta baada ya miezi mitatu kwamba kati ya walioahirishwa wengi walikosa damu, utakwenda benki ya damu. Ukikuta wengi walikosa vifaa visafi, kumlaumu daktari hakutakusaidia kitu.

Dharura haina miadi, lakini ina kawaida yake

Watu husema dharura haipangiki. Ni kweli kwamba hakuna ajuaye ni mama gani atakwama katika uchungu leo, au ni bodaboda ipi itagongana na lori pale Tegeta. Lakini mwaka mzima ukitazamwa pamoja, dharura zina kawaida yake. Mdenmark mmoja aitwaye Agner Krarup Erlang aliandika juu ya jambo hili mwaka 1909 alipokuwa akichunguza simu zinazopigwa mjini Copenhagen: kila mpigaji hupiga kwa wakati wake bila kushauriana na mwenzake, lakini idadi ya wote inakadirika.

Hesabu hiyo inatufaa. Kama hospitali hupokea kwa wastani dharura mbili za thieta kwa siku, isidhaniwe kwamba kila siku zitakuja mbili. Takriban siku moja kati ya saba haitakuja hata moja, na takriban siku moja kati ya saba zitakuja nne au zaidi. Mwenye kupanga orodha iliyojaa mpaka pembeni kila siku, kana kwamba dharura hazipo, anajua kabla hajaanza kwamba atawarudisha watu. Ni sawa na daladala iliyojaa abiria tangu kituo cha mwanzo. Wa kituo cha pili akipanda, lazima mtu ashuke.

Mfano unaotajwa sana kuhusu jambo hili ulitokea Marekani mwaka 2002, katika hospitali ya St. John's mjini Springfield, jimbo la Missouri. Walikuwa na vyumba 32 vya upasuaji na vyote vilijaa. Dharura ikija, waliopangiwa walisukumwa mbele, na madaktari walifanya kazi mpaka usiku wa manane. Aliitwa mshauri, Eugene Litvak, naye akawaambia jambo lililowashangaza: chumba kimoja kiachwe wazi, kisipangiwe mtu, kiwe cha dharura tu. Madaktari walipinga. Wanalia vyumba havitoshi, halafu wanyang'anywe kimoja! Wakakubali kujaribu. Hospitali ikaweza kuhudumia asilimia 5.1 ya upasuaji zaidi, na kazi zilizofanyika baada ya saa 9:00 alasiri zikapungua kwa asilimia 45. Chumba kilichoonekana kupotezwa ndicho kilichoviponya vingine 31.

Msomaji atasema, sisi Mbagala tutaacha chumba gani wazi wakati tuna viwili? Pingamizi hilo ni la haki. Hospitali yenye meza mbili haiwezi kuiga yenye 32. Lakini inaweza kuacha nafasi ya muda badala ya chumba, tuseme saa moja na nusu katikati ya mchana isiyo na jina la mtu. Dharura ikija, nafasi ipo. Isipokuja, anaitwa kwa simu mgonjwa anayekaa karibu, aliyekwisha kupimwa, aliyekubali mapema kuwa wa akiba na kukaa bila kula siku hiyo. Na penye uwezo, thieta ya wazazi itenganishwe na thieta ya wengine, kwa sababu mama anayejifungua kwa upasuaji ndiye dharura inayokuja mara nyingi kuliko nyingine, na kwake dakika 30 ni uhai wa watu wawili.

Hali kadhalika kuna mambo ambayo si dharura hata kidogo ila sisi huyapokea kama dharura. Ramadhani ikikaribia, wengi wasio na maumivu makali huomba wapangiwe baada ya Idd, na Idd ikipita foleni huvimba. Hata tukitofautiana kwa siku moja kuhusu kuandama kwa mwezi, kalenda hiyo inajulikana mwaka mzima kabla. Ni nafasi ya kuwapanga mapema wasiofunga, watoto na wale wenye udhuru, katika siku ambazo orodha ni fupi.

Nani atangulie? Usafi nao una kauli

Mpangilio wa majina ndani ya siku moja si suala la nani amefika kwanza getini. Kuna kanuni za kitabibu na za usafi ambazo mgonjwa akizielewa hatanung'unika anapoona aliyekuja nyuma yake ametangulizwa. Watoto wadogo hutangulia kwa kuwa hawavumilii njaa. Mwenye kisukari hutangulia kwa kuwa sukari yake inaweza kushuka akikaa muda mrefu bila kula. Wenye vidonda vyenye usaha au jipu huwekwa mwisho, ili chumba kisafishwe sana baada yao na vijidudu visimsubiri mgonjwa mwingine. Siku orodha inapovurugwa, kanuni hii ya mwisho ndiyo huwa ya kwanza kusahauliwa.

Aidha kuna suala la vifaa. Mkasi na koleo za daktari hazisafishwi kwa kuoshwa tu, bali hupikwa kwa mvuke wa nyuzijoto 121 ndani ya mashine maalumu, na ukijumlisha kuosha, kufunga, kupika, kukausha na kupooza, mzigo mmoja unachukua zaidi ya saa moja. Hospitali yenye seti nne za vifaa vya tumbo haiwezi kuwapasua watu wanane asubuhi, hata kama wamekuja madaktari ishirini. Hapo mashine ya mvuke ndiyo inayoamua idadi ya wagonjwa, na umeme ukikatika foleni inasimama. Wanaokumbuka mgawo wa umeme wa mwaka 2006 wanajua. Mara nyingine shilingi zinazonunua seti mbili za ziada huokoa muda kuliko zinazojenga chumba kipya.

Ndiyo maana zile kambi za kupasua mabusha, zinazofanywa chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha, huwahudumia watu wengi kwa siku chache. Kazi ni za aina moja, vifaa ni vya aina moja, muda wa kila mmoja unajulikana, na wagonjwa wamekwisha kupimwa kabla. Si kwamba siku hizo madaktari wanakuwa na mikono minne.

Mgonjwa naye huikosa foleni kwa sababu ambazo haziko hospitalini. Hospitali ya CCBRT pale Msasani, katika Kinondoni, iligundua kwamba wanawake wenye fistula, ambao upasuaji wao ulikuwa bure, hawaji kwa kukosa nauli tu. Mwaka 2009 walianza kutuma nauli kwa M-Pesa kwa mtu aliyemtambua mgonjwa huko kijijini, naye akamkatia tiketi ya basi. Ujumbe wa simu siku mbili kabla, "bado unakuja?", ni upangaji wa thieta pia.

Jina moja, wagonjwa wawili

Wasomaji wa siku nyingi wanakumbuka msiba wa Novemba 2007 katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Wagonjwa wawili waliokuwa na jina la kwanza moja walibadilishwa: aliyekuwa na tatizo la goti akapasuliwa kichwa, na mwenye tatizo la kichwa akapasuliwa goti. Mmoja wao alifariki dunia baadaye. Nchi nzima ilishtuka.

Nalitaja hapa kwa sababu orodha ya thieta si karatasi ya majina tu. Ni taarifa. Orodha inayoandika jina la kwanza na neno "goti" haitoshi. Inatakiwa majina kamili, namba ya faili, umri, wodi, aina ya upasuaji na upande wa mwili, na ikibadilishwa saa ya mwisho, ibadilishwe kwa wote walionayo.

Mwaka uliofuata, 2008, Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha fupi ya maswali 19 ya kuulizwa kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani: huyu ni nani, anapasuliwa wapi, damu ipo, vitambaa vyote vimehesabiwa. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na mojawapo ilikuwa hapa kwetu, Hospitali ya Mtakatifu Francis ya Ifakara. Nyingine zilikuwa katika miji kama London, Toronto, Amman na New Delhi. Matokeo yalitangazwa Januari 2009: vifo katika hospitali hizo zote kwa jumla vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Hakikununuliwa kifaa cha ajabu. Waliuliza maswali kwa sauti, wakaandika majibu.

Kompyuta itasaidia nini?

Wagonjwa kumi tu wanaweza kupangwa kwa namna 3,628,800. Hakuna muuguzi mkuu anayeweza kuzipitia zote kichwani, akizingatia yupi ana kisukari, yupi anahitaji daktari ambaye yuko Jumatano tu, na vifaa vipi vitakuwa vimetoka kwenye mvuke saa ngapi. Kompyuta inaweza. Hupewa masharti, hupewa muda halisi wa upasuaji wa aina hiyo uliofanyika miezi iliyopita, kisha hutafuta mpangilio unaopoteza muda mchache. Hizi zinafanyika katika nchi nyingi, na kwa hospitali ya meza mbili hata jedwali la kawaida la kompyuta linatosha kuanzia.

Lakini kompyuta haijui haki. Ukiiambia "pasua watu wengi iwezekanavyo", itachagua kazi fupi fupi kila siku, na mwenye uvimbe unaohitaji saa nne atasubiri mpaka mwaka uishe. Lazima binadamu aiwekee sharti kwamba aliyesubiri muda fulani hasukumwi tena, na aliyekwisha kurudishwa mara moja anakuwa wa kwanza safari ya pili. Sharti hilo lingekuwepo, jirani yangu asingerudishwa mara tatu. Na kwa maoni yangu, faida kubwa ya orodha iliyoandikwa wazi na kubandikwa ukutani kwa namba za faili ni kwamba mjuano unakosa pa kupenya. Anayemruka mwenzake kwa sababu ya simu ya mjomba ataonekana.

Serikali yenyewe imeliona suala la upasuaji. Machi 2018 ulizinduliwa mpango wa taifa wa upasuaji, uzazi na usingizi uliohusu miaka 2018 hadi 2025, ukizingatia wataalamu, vifaa na pia ukusanyaji wa taarifa.

Kwa upande wetu wagonjwa, ukipangiwa upasuaji uliza mambo haya: niko wa ngapi, damu yangu ipo, vipimo vyangu vimekamilika, na nikiahirishwa nimpigie nani. Waeleze mapema kama una kisukari, shinikizo la damu au pumu. Uliza pia saa hasa ya kuacha kula na kunywa. Miongozo ya wataalamu wa usingizi kwa kawaida husema saa sita kwa chakula chepesi na saa mbili kwa maji matupu. Kukaa na kiu tangu usiku wa manane kwa upasuaji wa saa nane mchana kunatokana na kutojulikana kwa zamu. Hata hivyo usijiamulie mwenyewe. Fuata alichokuambia daktari wa usingizi wa hospitali yako, kwani chakula tumboni wakati wa nusu kaputi kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Na kama huji, sema mapema. Nafasi yako ni ya mtu.

Yule jirani yangu alizidiwa kweli. Usiku wa Alhamisi moja ngiri ilinasa, akaanza kutapika, wakampakia kwenye bajaji kwenda hospitali ile ile. Alipasuliwa alfajiri, akakatwa kipande cha utumbo, akalala wodini siku tisa. Yuko hai, na kibanda chake kimefunguliwa. Asubuhi ile ya Ijumaa, kijana wake aliniambia, mama mmoja wa Chamazi aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha alitolewa sindano ya dripu saa nane mchana, akaambiwa atapangiwa siku nyingine.